Mgonjwa wa Selimundu Mbele ya Mlango wa Kazi

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani wa vigango)





Wapo waliouliza, walipoiona mada hii katika ratiba, kwa nini Tume ya Haki na Amani izungumzie ugonjwa. Ugonjwa, walisema, ni shughuli ya zahanati. Haki na Amani ishughulike na mirathi, mashamba na kura. Swali lao ni zuri. Nami sikuja kufundisha udaktari, maana sikuusomea. Nimekuja kusema juu ya yale yanayotokea baada ya daktari kumaliza sehemu yake. Mgonjwa amepata nafuu, amevuka utoto, amefika umri wa miaka 18 au 20, yu hai, na anataka kula kwa jasho lake kama wenzake. Ndipo anapogundua kwamba katika miaka yote ile hakuna aliyemwandaa kwa kazi yoyote, kwa sababu hakuna aliyetazamia kwamba angefika. Hapo ugonjwa umekoma kuwa jambo la dawa tu, na umeingia katika mambo ya haki.

Ugonjwa wenyewe wengi mnauita sikoseli. Jina la Kiswahili ni selimundu, nalo linasema kweli, kwa maana chembe nyekundu za damu ya mgonjwa, ambazo kwa desturi ni za mviringo na laini, hujikunja zikawa na umbo la mundu. Chembe nyekundu ya mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi. Iliyojikunja huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo sababu mgonjwa hupungukiwa damu daima, na macho yake mara nyingi huwa ya manjano. Tena chembe hizo hunasana na kuziba mishipa midogo, na kila mahali panapokosa damu huuma maumivu makali mno, katika mifupa, kifuani, tumboni. Kwa wengine huleta kiharusi, kwa wengine mfupa wa nyonga hufa taratibu, kwa wengine hutokea vidonda miguuni visivyopona upesi. Hii si laana, si mkono wa jirani, wala si malipo ya dhambi ya babu. Mtoto huurithi kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, ambao wao wenyewe mara nyingi hawaumwi lolote. Na wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Basi si ajabu kwamba urithi huu umeenea zaidi palipo na mbu wengi, kama vile pwani na kandokando ya Ziwa Victoria.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndilo msingi wa maneno yangu yote. Yapo mambo yanayoyachokoza maumivu hayo: uchovu wa mwili, baridi, jua kali, kiu, kukosa usingizi, na maambukizo kama malaria na nimonia. Zitazameni kazi za maskini wa nchi yetu, kazi zile ambazo mtu huzipata pasipo cheti wala mtaji, mkaone zimejengwa juu ya nini. Zimejengwa juu ya uchovu, baridi, jua, kiu na kukesha. Mvuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa yake, amelowa, upepo ukimpiga. Mpanda mpunga husimama katika maji kutwa nzima. Saidia fundi hupandisha zege ghorofani. Mchimbaji mdogo wa dhahabu huingia shimoni penye hewa haba. Mtu asiye na kitu cha kuuza ila nguvu za mwili wake huuza nguvu hizo. Na mgonjwa wa selimundu ndiye mtu ambaye nguvu za mwili wake haziuziki bila kumgharimu maisha.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtoto mgonjwa anahitaji shule kuliko mtoto mzima. Narudia, kwa sababu najua nyumbani kwetu hesabu hupigwa kinyume. Mzima asiyesoma ataumia, lakini atalima, atabeba, atavua. Mgonjwa asiyesoma hana pa kukimbilia ila kwenye kazi zile zile zitakazomrudisha wodini.

Hesabu ya nyumbani huendaje? Ada ni ya mtoto mmoja, watoto ni wanne, na mmoja wao hulazwa mara tatu au nne kwa mwaka. Amekosa majaribio, amerudia darasa, mwalimu amemwandika mtoro. Mzee mmoja, mtu mwema kabisa na mtunza sakristia, aliniambia kwa uchungu, wala si kwa ukatili: “Baba Padri, huyu tumwekezee nini? Tumempa mbuzi, ashinde nao taratibu, na wenzake wasome.” Nikamwuliza, “Mzee wangu, hao mbuzi huchungwa kivulini?” Akanyamaza. Mbuzi huchungwa juani, tangu asubuhi hadi jioni, na mchungaji hubeba maji ya kibuyu kimoja. Mtoto alitolewa darasani, alikokuwa ameketi chini ya bati na maji yakiwa karibu, kusudi apumzishwe. Akapelekwa mahali penye jua, kiu na mwendo mrefu. Mwezi ule alilazwa mara mbili.

Msemo kwamba watoto hawa hawakui ulikuwa na sababu yake. Bila matibabu, wengi wao hufariki kabla hawajatimiza miaka 5, na katika Afrika bado tunawazika wengi mno. Inakadiriwa kwamba mwaka 2021 walizaliwa duniani watoto 515,000 wenye ugonjwa huu, zaidi ya robo tatu yao wakiwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Kwa Tanzania hutajwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Lakini msemo huo unazidi kuchakaa. Penisilini kwa watoto wadogo, chanjo, kinga ya malaria, na dawa iitwayo haidroksiyurea vimebadili mambo kwa wale wanaovipata. Utafiti uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, na kutangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wanaotumia dawa hiyo chini ya uangalizi walipungukiwa maumivu, wakaugua malaria mara chache zaidi, na vifo vikapungua. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa na mpango maalumu wa kuwafuatilia wagonjwa hawa tangu mwaka 2004. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto uloto, ingawa tiba hiyo ni ya wachache. Maana yake kwetu ni hii: wale waliobatizwa kwa haraka wodini, nanyi mkadhani hamtawaona tena, wanakuja Kipaimara, wanakuja kuandikisha ndoa, na wanakuja kuuliza kazi.

Nilisoma habari moja ambayo imenikaa moyoni. Mgonjwa wa kwanza wa selimundu kuelezwa katika maandiko ya kitabibu alikuwa kijana wa kisiwa cha Grenada, jina lake Walter Clement Noel. Alikwenda Chicago mwaka 1904 kusomea udaktari wa meno. Aliugua, akalazwa, na daktari kijana aliyempima aliona katika damu yake chembe za umbo la ajabu. Mkubwa wake, Dakta James Herrick, akaandika habari hizo mwaka 1910. Vitabu vya udaktari husimulia mpaka hapo, kana kwamba kijana yule alikuwa damu tu juu ya kioo. Lakini yeye aliendelea kuishi. Aliugua mara nyingi miaka ile, na hata hivyo alimaliza masomo, akarudi kwao mwaka 1907, akafungua chumba cha kutibu meno katika mji wa St. George's, akafanya kazi hiyo mpaka alipofariki kwa nimonia mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 32. Hapakuwa na haidroksiyurea, hapakuwa na penisilini, wala hapakuwa na mtu duniani aliyejua ugonjwa wake unaitwaje. Ni kweli kwamba kwao walikuwa na uwezo, na hilo tusilifiche. Lakini hakuna aliyesema, huyu tumwekezee nini.

Basi kazi ipi? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wema wetu unapokosea njia.

Tunapotaka kumsaidia kijana wa namna hii, sisi viongozi humtafutia “kazi nyepesi”. Tatizo ni kwamba wepesi huo tunaupima kwa miili yetu. Ulinzi wa usiku tunauona mwepesi, kwa sababu mlinzi ameketi tu; lakini ameketi katika baridi ya saa tisa usiku, hakulala, na asubuhi atalala saa chache katika chumba chenye joto. Kukaanga chipsi tunaona ni kusimama tu. Lakini ni kusimama mbele ya moto saa kumi na mbili, mwili ukikauka maji. Kupanga samaki katika chumba cha barafu tunaona ni kazi safi. Nao wasichana wanaochukuliwa kijijini kwenda mjini kufanya kazi za ndani, tunasema angalau yuko ndani ya nyumba. Yuko ndani, ndiyo. Huamka wa kwanza, hufua kwa maji baridi, hula wa mwisho, hulala wa mwisho, na akiugua hurudishwa kwao kwa basi la usiku. Akina mama wa WAWATA, hapa nawategemea ninyi, maana ninyi ndio mnaotafutiana wasichana hao.

Jambo jingine ambalo halionekani kwa macho ni maji. Figo za wagonjwa wengi wa selimundu hupoteza uwezo wa kuhifadhi maji mwilini. Kwa hiyo lazima anywe maji mengi, na lazima aende chooni mara nyingi. Kimoja hakiendi bila kingine. Mnunulie chupa ya maji, lakini kama mahali pa kazi hapana choo, au choo ni cha kuombea ruhusa kwa msimamizi mkali, ataacha kunywa ili asiaibike. Na akiacha kunywa, maumivu yanakuja. Wasichana hasa hufanya hivyo. Kondakta wa basi la masafa marefu, karani asiyeweza kuondoka dirishani, mfanyakazi wa kiwanda anayehesabiwa dakika, wote hao wako katika hatari ambayo mwajiri hajawahi hata kuifikiria. Kijana anapoulizia kazi, kabla ya kuuliza mshahara, aulize choo kiko wapi. Msicheke, nasema kweli.

Kazi zilizo bora kwake ni zile zinazofanyika chini ya paa, kwa kuketi na kusimama kwa zamu, zenye usiku wa kulala, na zisizo mbali na hospitali. Uhasibu, ukarani, famasia, maabara, kompyuta, ufundi wa simu na redio, ushonaji. Hata hizo zina miiba yake. Mshonaji ambaye nyonga yake imeanza kuharibika hawezi cherehani ya kukanyaga. Apate ya umeme, na kama kijiji hakina umeme, hapo panahitajika shauri lingine. Mwuguzi atapangiwa zamu za usiku. Mwalimu ana paa, ana maji, ana likizo, nami naipenda kazi hiyo kwao. Lakini akipangiwa shule ya Makete kwenye baridi kali, barua ya daktari itangulie kabla yeye hajapanda basi. Aombe kituo kingine mapema, kwa maandishi, wala asingoje mpaka abebwe.

Wale watakaojiajiri wachague kazi isiyokufa siku mwenyewe amelala. Mwenye kibanda cha uwakala wa fedha za simu ana kiti na kivuli, vizuri sana. Lakini akilazwa siku nane peke yake, wateja wamehama. Basi kibanda kiwe cha watu wawili, yeye na dada yake, au yeye na kijana mwenzake wa VIWAWA, na daftari la hesabu liwe wazi kwa wote wawili. Nimeona mara nyingi mtaji wa parokia ukitolewa kwa mgonjwa mmoja kama sadaka, kisha biashara ikafa kwenye kitanda cha hospitali, na watu wakasema, mnaona, hawa hawasaidiki. Msaada ule ulikuwa wa ukarimu, lakini haukufikiriwa.

Na vikundi vyenu vya kukopeshana, hivi vya vicoba: katiba nyingi nilizozisoma hutoza faini kwa asiyehudhuria. Sijaona hata moja iliyomtaja aliyelazwa. Wengine humsamehe kwa huruma ya mwenyekiti. Huruma ya mwenyekiti ni njema, lakini wenyeviti hubadilika. Liandikwe katika katiba.

Sasa niingie katika swali gumu ambalo vijana hawa huniuliza kuliko yote: nimwambie mwajiri au nisimwambie? Mmoja alisema, akafukuzwa juma lile lile. Mwingine alificha, akaanguka kazini, wenzake wakadhani ni mlevi. Shauri langu, na baadhi yenu hamtakubaliana nami, ni hili. Kama kazi yenyewe ni ya hatari kwake au kwa wengine akishikwa ghafla, kama vile kuendesha gari la abiria au kupanda juu, aseme kabla, au afadhali aiache. Kama si hivyo, mtu halazimiki kutaja damu yake mlangoni. Cheti chake na kazi yake vimtangulie. Akishaajiriwa, achague mtu mmoja mwenye dhamana, amweleze kwa utulivu siku ambayo haumwi, naye awe na barua ya daktari inayosema mambo matatu: anaumwa nini, akishikwa afanyiwe nini na apelekwe wapi, na mambo gani madogo yatamkinga. Hayo madogo ni madogo kweli: kiti, maji, choo, sweta katika chumba chenye kiyoyozi, na siku ya kliniki isiyohesabiwa utoro. Wenzake watanung'unika, mbona yeye apewe kiti. Maumivu haya hayana bandeji. Leo anacheka, kesho hawezi kuinua mkono, na keshokutwa amerudi anacheka tena. Binadamu hushuku asichokiona. Yampasa msimamizi awe na ujasiri wa kusema neno moja, na mara nyingi latosha.

Kuhusu sheria, nitasema yanayowafaa kuyajua, nanyi mkayaeleze kwenye jumuiya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Cheti hicho msikidharau. Wengi hupoteza haki yao kwa kutoleta karatasi. Aliyetumikia chini ya miezi 6 hana likizo yenye malipo, na hata kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haijamfikia bado. Basi miezi ile ya mwanzo ndiyo ya kutunza afya kuliko yote. Baada ya hapo, mwajiri hawezi kumwondoa mtu kwa ugonjwa kwa kumwambia tu usirudi kesho. Kanuni za mwaka 2007 zinamtaka kwanza achunguze kiasi cha ugonjwa, aangalie kama kazi yaweza kurekebishwa au kama ipo kazi nyingine, na amsikilize mhusika. Akiachishwa isivyo haki, mfanyakazi apeleke shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku 30, ndugu zangu. Mkija kwangu mwezi wa tatu nitawapa baraka tu.

Sheria hiyo pia inakataza ubaguzi, ikataja ulemavu na maambukizi ya Virusi vya Ukimwi. Selimundu haikutajwa kwa jina. Aliyepata kiharusi au aliyeharibika nyonga aweza kusimama chini ya neno ulemavu, na ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayomtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi kuwa na walau asilimia 3 ya wenye ulemavu. Lakini yule ambaye ulemavu wake huja kwa siku tano na kuondoka? Huyo amebaki katikati, si mzima machoni pa mwajiri, si mlemavu machoni pa karatasi. Naona hilo ni pengo, na sisi kama Tume tungefanya vema kulifikisha kwa Wabunge wetu, badala ya kungoja wagonjwa wenyewe walifikishe.

Tena wafanyakazi wengi wa kwetu hawana mkataba wowote. Ni vibarua. Mnakumbuka mfano wa Bwana katika Injili ya Matayo, sura ya 20, wale watu waliokutwa sokoni saa kumi na moja jioni wamesimama. Walipoulizwa kwa nini, jibu lao halikuwa uvivu, bali kwamba hakuna aliyewaajiri. Kila asubuhi msimamizi anapochagua vibarua hutazama mabega. Mwenye macho ya manjano na miguu myembamba hubaki hadi jioni, na yule anayepita akielekea nyumbani humwita mvivu. Mwenye shamba wa Injili hakumwita hivyo, alimwuliza kwanza.

Hapo nafika kwetu wenyewe, maana Tume hii haitakuwa na kinywa cha kuwasema waajiri wa nje kama haijajitazama. Parokia huajiri. Tuna wapishi, walinzi, madereva, walimu wa chekechea, wahudumu wa zahanati, makatekista. Wangapi kati yao wana mkataba wa maandishi? Malipo yao tunayaita posho, na pengine tunayaita kujitolea, neno ambalo hulipa kidogo kuliko yote. Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1981, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, sehemu ya 22, kwamba watu wenye ulemavu ni watu kamili wenye haki zote, na kwamba jamii inayowapa kazi wenye nguvu tu imefanya ubaguzi wa wenye afya dhidi ya wagonjwa. Waraka huo haukuandikwa kwa ajili ya viwanda vya Ulaya peke yake. Unahusu pia mpishi wa nyumba ya mapadri ambaye, akiugua mara mbili katika mwezi, tunamtafuta mwingine kimya kimya.

Na kwa kuwa wapo hapa walezi wa miito, niseme moja tu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 241, inataka anayepokelewa seminari aangaliwe pia afya yake, nayo ni haki, kwa maana utume huchosha. Lakini kuangalia afya ni kuuliza kama mtu huyu, kwa tiba yake na mahali pazuri pa kufanyia kazi, ataweza kutumikia. Si kufunga faili mara tu jina la ugonjwa linapoonekana. Utume wa parokia ya milimani yenye pikipiki na mvua hautamfaa. Utume wa kufundisha, wa mahakama ya Kanisa, wa kusikiliza maungamo mjini, waweza kumfaa. Neno hili lawahusu pia masista.

Yaliyobaki ni ya utendaji. Wajumbe wa Haki na Amani, mkirudi, zungumzeni na familia moja moja mnazozijua. Majina yasisomwe kanisani wala kwenye jumuiya. Kijana anayetafuta mchumba na kazi hataki kutangazwa pamoja na matangazo ya ndoa. Waulizeni wazazi mtoto yuko darasa la ngapi, na kama ametolewa shule, ni kwa sababu gani. Kwa walimu wakuu wa shule zetu, nitawaandikia mwenyewe juu ya mtoto aliyelazwa kuandikwa mtoro. Walio wakubwa, wanaotaka ufundi, majina yaje kwangu kwa mkono, katika bahasha, kabla ya mwisho wa mwezi huu, ili tuone nani ataweza kuingia VETA mwakani na nani atamsaidia pango la mjini. Mhudumu wetu wa zahanati yuko nyuma pale, amevaa koti jeupe. Atawaeleza wapi vipimo vya damu hufanyika, kwa wenye wachumba na kwa wenye watoto wachanga.

Sasa tupokee maswali. Tuanze na wa vigango vya ng'ambo ya mto, kwa sababu gari lao linaondoka saa kumi.